Kabla Kitufe Hakijabonyezwa

Chukua safu yenye alama za mwanafunzi mmoja katika mitihani mitatu: 60, 40, na seli ya tatu ikiwa tupu. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili atumie fomula ya wastani, na Excel itamjibu 50. Sasa mwambie aandike sifuri katika ile seli tupu. Jibu linaporomoka hadi 33.3. Fomula ni ileile, programu ni ileile, na hakuna aliyekosea kuandika. Kilichobadilika ni uamuzi: je, mtihani ambao haukufanywa ni sawa na mtihani uliopata sifuri? Mtoto alikuwa mgonjwa, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, au aliruka ua akaenda sokoni? Swali hilo halimo kwenye menyu yoyote ya programu, na hakuna kitufe cha kulijibu. Hata hivyo ndilo swali zito kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu jedwali lile, na mwalimu anaweza kumaliza muhula mzima wa kufundisha fomula bila kuliuliza hata mara moja.

Katika miaka yangu ya kuishi na somo la Kompyuta katika shule za sekondari za Kenya, hilo ndilo limenikaa akilini kuliko mabadiliko yote ya mashine. Tunapozungumza juu ya fikra za ngazi ya juu, mawazo yetu hukimbilia ukubwa wa kazi: mradi wa miezi mingi, roboti, programu ya simu. Naamini tunatazama pasipo. Mwanafunzi hupanda ngazi pale tu anapolazimika kufanya uamuzi wake mwenyewe na kuutetea, kabla kompyuta haijapata nafasi ya kumwonyesha jibu. Kazi ndogo yenye uamuzi ndani yake humfikirisha. Kazi kubwa isiyo na uamuzi humchosha vidole tu.

Walimu wengi tulifunzwa vyuoni zile ngazi za Benjamin Bloom, zilizochapishwa mwaka 1956 na kupangwa upya na Lorin Anderson na David Krathwohl mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, na juu kabisa kubuni. Ni mpangilio wenye manufaa, ila umetuzoesha tabia moja mbaya. Tunaamini kwamba ngazi imo ndani ya kitenzi. Mwalimu akiandika “kubuni” kwenye maandalizi ya somo, mkaguzi huridhika kwamba somo limefika kileleni. Lakini kubuni kadi ya mwaliko wa harusi kwa kuchagua kiolezo kilichokuja na programu, kubadilisha jina la bwana harusi na kupaka rangi ya waridi, ni kazi ya ukarani. Kinyume chake, “kusoma” jedwali la mistari kumi na kueleza kwa nini jumla yake haiwezi kuwa sahihi kunaweza kumtoa jasho mtu mzima mwenye shahada. Kitenzi kwenye karatasi husema hiki, ila kinachotendeka kichwani ni kingine kabisa.

Ushahidi wa wazi kuliko wote uko katika mtihani wetu wenyewe. Somo la Kompyuta katika KCSE, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, lina karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo na ya mradi. Kwa nia, karatasi ya mradi ndiyo kilele. Mtahiniwa anatakiwa atazame tatizo la taasisi, tuseme maktaba, zahanati au chama cha akiba. Achunguze kazi inavyofanyika kwa mkono. Asanifu majedwali ya hifadhidata. Atengeneze fomu na ripoti. Kisha aandike maelezo ya yote aliyoyafanya. Ngazi zote za Bloom zimo humo. Lakini yeyote aliyekaa karibu na somo hili anajua yaliyoupata mradi huo. Miradi iliyokamilika huuzwa. Hupita kutoka shule hadi shule kwenye flashi, kazi iliyobaki ikiwa kubadilisha jina la shule na la mtahiniwa kwenye ukurasa wa kwanza. Na mahali pasipo na ununuzi, mara nyingi mwalimu mwenye huruma huongoza darasa zima hatua kwa hatua hadi mifumo arobaini inatoka kiwandani, yote ina majedwali yaleyale na hata makosa yaleyale ya tahajia. Sioni haja ya kuwalaumu vijana sana. Tulidai bidhaa, nao wakaleta bidhaa. Hakuna popote katika safari hiyo walipoulizwa: kwa nini umefanya hivi na si vile?

Linganisha mradi huo wa kununua na swali linaloandikwa ubaoni kwa sekunde kumi: nambari ya simu ihifadhiwe kama nambari au kama maandishi? Aliyekariri atasema nambari, jina lenyewe si linasema? Basi aingize nambari yoyote inayoanza na 0722 kwenye uga wa nambari na aone sifuri ya mwanzo ikimezwa. Hapo ndipo darasa huamka. Mmoja atapendekeza kigezo: kitu ni nambari ikiwa kuna maana ya kukijumlisha, na hakuna anayejumlisha nambari mbili za simu. Mwingine atauliza, basi nambari ya kitambulisho je? Na mwaka wa kuzaliwa, ambao haujumlishwi na mwingine lakini hutolewa ili kupata umri? Na saa ya miadi katika zahanati, ambako mgonjwa ameambiwa “saa mbili asubuhi” na karani akaandika 2:00, mfumo ukaelewa usiku wa manane? Kila jibu linazaa kesi mpya inayolijaribu. Huo ndio uchambuzi, umefanyika bila mradi wowote, na matunda yake ni kwamba mwanafunzi sasa ana kanuni aliyoijenga na kuijaribu, kanuni atakayoweza kuitumia kwenye jedwali ambalo hajawahi kuliona.

Hapa kuna pingamizi zito, tena la zamani. Ilishaaminiwa kwamba kompyuta yenyewe ingewafundisha watoto kufikiri. Seymour Papert, mmoja wa waanzilishi wa Logo, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1967, aliandika katika kitabu chake cha 1980 kwamba mtoto anayeielekeza kompyuta hujifunza kuyatazama mawazo yake mwenyewe. Dunia ilimshangilia. Kisha Roy Pea na Midian Kurland, wakifanya kazi katika chuo cha Bank Street mjini New York, wakawapa watoto waliojifunza Logo kazi ya kupanga ratiba ya usafi wa darasa, ili waone kama ustadi wa kupanga ulikuwa umehama kutoka kwenye kompyuta. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1984 yalivunja moyo: watoto wale hawakupanga vizuri kuliko wenzao ambao hawakuwa wamejifunza Logo. Kwa hiyo mwenye shaka ana haki ya kuuliza: ikiwa kuandika programu hakumfanyi mtoto afikiri vizuri zaidi nje ya kompyuta, kwa nini tujisumbue?

Jibu liko katika utafiti mwingine wa miaka hiyohiyo, ambao hutajwa mara chache mno. Mwaka 1988 David Klahr na Sharon Carver walichapisha matokeo ya kufundisha jambo moja mahususi ndani ya Logo: namna ya kutafuta hitilafu. Hawakuwaacha watoto wagundue wenyewe. Waliwafundisha waziwazi kueleza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, kukisia aina ya kosa, kupunguza eneo la kulitafuta, kisha kurekebisha na kujaribu tena. Watoto hao walipopewa maelekezo ya kawaida yenye kosa, maelekezo yasiyohusu kompyuta kabisa, ustadi wao ulihama. Tofauti kati ya matokeo haya mawili ndiyo hoja yangu yote. Kompyuta haifundishi kufikiri kwa kuwepo mezani. Kufikiri hufundishwa kwa jina lake, hatua zake zikatajwa na kufanyiwa mazoezi, nayo kompyuta ikawa mahali pazuri pa kufanyia mazoezi hayo kwa sababu haimwonei mtu haya: ukikosea, inakuonyesha papo hapo.

Wengine watapinga kutoka upande wa pili. Watasema mtoto aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha kwanza hawezi kuulizwa maswali ya tathmini; kwanza ajue misingi. Nusu ya pingamizi hili ni kweli, na wapenzi wa mbinu mpya huipuuza kwa hasara yao. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Michael McCracken kiliwapima wanafunzi wa vyuo vikuu waliomaliza masomo ya mwanzo ya kuandika programu, na wastani wao ulikuwa chini ya alama 23 kati ya 110. Wengi walidhani tatizo ni uwezo wa kutatua matatizo. Mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake kutoka nchi kadhaa wakaonyesha jambo la chini zaidi: wanafunzi wengi hawakuweza hata kuifuata programu fupi mstari kwa mstari na kusema itatoa nini. Huwezi kutathmini usichoweza kukisoma. Hivyo simo miongoni mwa wale wanaotaka mtoto aachwe agundue kila kitu mwenyewe. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walishaeleza mwaka 2006 jinsi mbinu hiyo inavyomlemea anayeanza.

Nusu ya pili ya pingamizi ndiyo ninayoikataa, ile inayofanya misingi kuwa chumba cha kusubiria. Kuifuata programu mstari kwa mstari ni msingi, lakini ukimtaka mwanafunzi aandike utabiri wake kabla ya kubonyeza kitufe cha kuiendesha, umempa uamuzi wa kuutetea ndani ya msingi huohuo. Chukua programu inayosema kama mwaka ni mrefu, yaani una siku 366, na ambayo kwa makosa inaangalia tu kama mwaka unagawanyika kwa 4. Usimwambie mwanafunzi kosa lilipo. Mwambie achague miaka mitatu ya kuijaribia. Atachagua 2023 na 2024, na programu itajibu sawa. Akichagua 2000, itajibu sawa pia, ingawa kwa bahati tu, kwani miaka inayogawanyika kwa 100 si mirefu isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400 pia. Ni mwaka kama 1900 au 2100 tu utakaoiumbua. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini 2000 ni jaribio baya ameelewa jambo ambalo watu wengi wazima hawalijui: kwamba jibu sahihi linaweza kutoka kwenye sababu mbovu. Na ukitaka kumwongezea pilipili, mwonyeshe kwamba Excel yenyewe inaikubali tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Kosa hilo lilirithiwa kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na likaachwa kwa makusudi ili mafaili ya zamani yasiharibike. Je, walifanya vema kuliacha? Darasa la kidato cha tatu linaweza kubishana juu ya hilo hadi kengele ilie, na pande zote mbili zikawa na hoja.

Kuhusu uhaba wa mashine nitasema machache, kwa sababu pingamizi hili hutumiwa zaidi kama kisingizio. Ni kweli kwamba katika maabara nyingi watoto wanne hugombea kibodi moja, na umeme ukikatika somo hufa. Lakini utabiri huandikwa kwenye daftari. Mistari ya programu iliyochanganywa na kukatwa vipande vya karatasi hupangwa juu ya dawati. Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walianza tangu miaka ya 1990 kusambaza mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta hata moja, na hawakufanya hivyo kwa ajili ya shule maskini pekee. Tena foleni ya kusubiri mashine, ikitumika vizuri, ni zawadi: anayejua kwamba ana dakika kumi tu kwenye kibodi hufika pale akiwa ameshaamua anataka kujaribu nini. Aliye na mashine yake peke yake hubofya huku na huku hadi kitu kikubali.

Wala kubadilisha mada za mtaala peke yake hakutoshi. Uingereza ililijaribu hilo kwa kishindo. Ripoti ya taasisi ya sayansi ya Royal Society ya Januari 2012 ililikosoa somo la TEHAMA lililokuwa limegeuka kuwa mafunzo ya kutumia programu za ofisini. Kufikia Septemba 2014 England ilikuwa na mtaala mpya wenye kuandika programu tangu shule ya msingi. Mwaka 2017 taasisi ileile ilirudi kutazama na ikakuta ufundishaji ukiwa wa viraka, imara hapa na dhaifu pale, hasa kwa sababu walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Nasi tuko katikati ya zamu kama hiyo. Mtaala mpya wa Kenya, ule wa umilisi, umeorodhesha fikra za kina na utatuzi wa matatizo, pamoja na umilisi wa kidijitali, kati ya stadi zake saba za msingi. Kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia sekondari ya juu mwaka 2026, na KCSE ya mfumo unaoondoka wa 8-4-4 imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Majina ni mazuri. Lakini tukiufundisha umilisi kwa kuwapa watoto hatua za kufuata, tutakuwa tumebadilisha kibandiko cha chupa.

Vifaa vya kufundishia uamuzi tunavyo vingi, vilivyo vyetu. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya uchaguzi iliweka hadharani picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo 46,229, na mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vikajumlisha, na kwa siku kadhaa runinga moja ilionyesha matokeo tofauti na nyingine, wananchi wakashikwa na wasiwasi. Fomu zilikuwa zilezile. Tofauti ilitokana kwa kiasi kikubwa na mpangilio: kila chumba cha habari kilianza na maeneo yake, na sehemu ya fomu isiyochaguliwa kwa usawa haiwezi kuwakilisha zote. Sijui somo bora zaidi la data ambayo haijakamilika. Mwalimu atahofia siasa, na hofu hiyo naielewa. Anaweza kuondoa majina ya wagombea na kuwaita A na B, au kutumia jedwali la kubuni la kura za kiranja wa shule lenye mabweni yanayoripoti kwa zamu. Swali linabaki lilelile: ukiwa na robo tu ya fomu, una haki ya kusema nini, na ungetaka robo ipi?

Pingamizi la sasa hivi ni akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, maelezo yote ya ule mradi wa KCSE yanaweza kuandikwa kwa dakika chache, kwa Kiingereza laini kuliko cha mwalimu. Wapo wanaosema basi hakuna haja ya kumfundisha mtoto kuandika programu. Mimi naona kinyume. Kilichokufa ni bidhaa kama ushahidi wa kufikiri, na kwa kweli ilikuwa mgonjwa tangu enzi za flashi. Programu iliyoandikwa na mashine huonekana nadhifu, hutoa jibu kwa 2024, hutoa jibu kwa 2000, na anayeipokea hana dalili yoyote ya kumshtua. Atahitaji kujua ni mwaka upi wa kuijaribia. Mwanafunzi asiyeweza kuifuata programu mstari kwa mstari atamwamini mtabiri huyu mpya kama wazee walivyoamini ramli, kwa kuwa hana namna ya kumpinga.

Linabaki suala la kupima, na hapa walimu wenzangu wana haki ya kunung’unika. Kusahihisha “taja sifa nne za mfumo endeshi” ni rahisi na hakuna mzazi atakayekuja kulalamika. Kupima utetezi wa uamuzi kunahitaji mazungumzo, na mazungumzo hula muda. Lakini hesabu yake si ya kutisha. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akikaa na mwalimu dakika 5 mbele ya kazi yake mwenyewe, ni dakika 200, yaani vipindi vitano vya dakika 40. Maswali matatu yanatosha: kwa nini uga huu ni maandishi, ukiufuta mstari huu nini kitatokea, jaribio gani lingeweza kuiangusha kazi yako? Aliyenunua mradi atajulikana kabla dakika ya pili haijaisha, na aliyesaidiwa na rafiki au na mashine lakini akaelewa atajulikana pia, na anastahili alama zake. Vipindi hivyo vitano si vya kuombwa wizarani. Vinaweza kukatwa kwenye zile wiki za kidato cha kwanza ambamo watoto hukariri vizazi vya kompyuta, kuanzia valvu za kioo hadi transista na saketi unganishi, kila kizazi na miaka yake, mambo yanayoweza kukaa kwenye ukurasa mmoja wa kusoma nyumbani.